Uzi: Kutumia mafaili yako kwenye simu na kompyuta kupitia hifadhi ya mtandaoni, kwa sisi tunaohesabu bando

Kibodi Nyeusi

Wakuu, habari za jioni.

Natengeneza kompyuta karibu na chuo, na swali ninaloulizwa kuliko yote si la virusi wala la kioo kilichopasuka. Ni hili: "Fundi, nimeandika kazi kwenye kompyuta, nataka nikiwa njiani nilikute faili lilelile kwenye simu, nifanyeje?" Wengi wanajitumia wenyewe kwa WhatsApp au barua pepe. Inasaidia siku ya kwanza. Baada ya mwezi mtu ana Ripoti, Ripoti mpya, Ripoti mpya 2, Ripoti FINAL na Ripoti FINAL kabisa, na hajui ni ipi aliyoisahihisha msimamizi wake.

Maelezo mengi yaliyopo yameandikwa na watu ambao intaneti yao haikatiki na haipimwi kwa MB. Sisi tuna bando. Kwa hiyo msimamo wangu nauweka mapema: hifadhi ya mtandaoni iwe ya nyaraka unazozishika kila siku, na mafaili mazito yapitie njia nyingine. Ukirundika kila kitu humo, bando litakwisha, nafasi itajaa, na siku unapolihitaji faili lenyewe utakuta bado linapanda.

Tuanze na inavyofanya kazi. Kwenye kompyuta unakuwa na folda maalumu. Programu inayokaa kimya pale chini kulia, karibu na saa, inaona faili limebadilika, inalipandisha kwenye seva za kampuni, kisha vifaa vyako vingine vilivyoingia kwenye akaunti hiyohiyo vinapata toleo jipya. Huko ndiko kusawazisha. Drew Houston, aliyeanzisha Dropbox na Arash Ferdowsi mwaka 2007, amesimulia kwamba wazo lilimjia ndani ya basi la kutoka Boston kwenda New York, alipogundua kuwa flashi yake ameiacha nyumbani. Mwanafunzi wa Morogoro aliyeshuka Ubungo bila flashi yake anaijua vizuri hali hiyo.

Nafasi za bure: Google wanakupa GB 15, OneDrive GB 5, iCloud GB 5, Dropbox GB 2 na vifaa visivyozidi vitatu, MEGA GB 20. Hizo GB 15 za Google msizione nyingi, kwa sababu zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Picha. Tangu Juni 2021 picha mpya unazohifadhi kwenye Picha za Google zinahesabiwa humohumo. Simu ikiwa inapandisha kila video unayopokea kwenye magrupu, nafasi itajaa bila wewe kuweka hata waraka mmoja. Na ikijaa, Gmail inaacha kupokea barua. Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa mnaosubiri kuitwa kwenye usaili: barua ya kukuita inaweza kurudishwa ilikotoka na wewe usijue.

Kwa mwenye simu ya Android na kompyuta ya Windows, mimi napendekeza aanze na Google Drive, kwa kuwa akaunti tayari anayo. Pakua Drive ya kompyuta, ingia, halafu simama kwenye swali moja ambalo watu wanalipita haraka: unataka mafaili yakae mtandaoni na yashuke pale tu unapoyafungua, au yawe na nakala kamili kwenye diski? Njia ya kwanza inaokoa nafasi ya diski, ila bando likikata, faili ambalo hukuliandaa halifunguki. Njia ya pili inakula diski, lakini kila kitu unacho hata umeme na mtandao vikiondoka pamoja. Kwa folda ya kazi zinazoendelea chagueni ya pili. Nyaraka ni nyepesi. Tasnifu ya kurasa 80 isiyo na picha nyingi mara nyingi haifiki MB 2.

Kwenye simu jambo ni tofauti kidogo, na wengi hawaambiwi: programu ya Drive ya Android haishushi folda zako zote yenyewe. Inakuonyesha majina tu. Faili unalolitaka safarini ligusie vile vidoti vitatu, uchague litumike nje ya mtandao, na ufanye hivyo ukiwa bado na Wi-Fi. Halafu nenda kwenye mipangilio ya programu hiyohiyo, washa ile ya kuhamisha mafaili kwa Wi-Fi pekee.

Karibuni kwa maswali, nitajibu nikipata nafasi.

Nyota ya Kusini

Mkuu umeeleza vizuri. Hofu yangu ni bando. Nategemea simu kurushia kompyuta intaneti, na bando langu ni la wiki. Nikiwasha hiki kitu si litaisha usiku mmoja?

Kibodi Nyeusi

Linaweza kuisha kabisa, usipoibana.

Kwenye Windows fungua mipangilio ya mtandao, bofya jina la hotspoti ya simu yako, kisha uiweke kuwa ni intaneti inayopimwa. OneDrive ikiona hivyo inasimama yenyewe. Drive ya kompyuta ina sehemu ya kusitisha usawazishaji, na pia sehemu ya kuweka kikomo cha kasi ya kupandisha na kushusha. Unaisitisha mchana, unaiachia pale unapokuwa na Wi-Fi ya kazini au bando la usiku.

Mzigo mkubwa uko siku ya kwanza. Chukua mfano una GB 1 ya nyaraka na kasi yako ya kupandisha ni megabiti 2 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya saa nzima, mtandao usipoyumba. Baada ya hapo yanayopanda ni mabadiliko tu ya kila siku, na kwa mtu wa Word na Excel ni kidogo. Dropbox wana faida mbili hapa. Faili kubwa hulikata vipande vya hadi MB 4, na ukibadilisha sehemu moja hupandisha kile kipande kilichoguswa badala ya faili zima. Tena kama ofisini mna kompyuta mbili kwenye mtandao mmoja wa ndani, ya pili inaweza kuchota faili kutoka kwa ya kwanza bila kurudi intaneti. Kwa ofisi ndogo yenye bando moja hilo ni jambo kubwa, na ndiyo sababu siwezi kuidharau GB 2 yao.

Halafu kagua Picha za Google kwenye simu. Kuna mahali pa kuzuia picha zisipande kwa data ya simu. Izime sasa hivi kabla hujasahau.

Binti Pangani

Fundi, mimi ni mpiga picha wa harusi na kitchen party. Shughuli moja inanipa GB 40 na zaidi. Natoa kwenye kamera, naweka kwenye kompyuta, nyingine nazitaka kwenye simu nimrushie bibi harusi usiku uleule. Ninunue nafasi kubwa mtandaoni?

Kibodi Nyeusi

Dada, hapana, si kwa kazi hiyo. Picha ikitoka kwenye kompyuta yako kwenda kwenye simu iliyo juu ya meza hiyohiyo haina sababu ya kupita Ulaya kwanza.

Tumia LocalSend. Ni ya bure, ipo kwa Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Washa hotspoti ya simu, zima data kabisa, unganisha kompyuta kwenye hotspoti hiyo, fungua LocalSend pande zote mbili. Kila kifaa kitaona jina la mwenzake. Chagua picha, tuma, kubali. Hakuna MB inayokatwa kwenye bando, kwa sababu hakuna kinachotoka nje ya chumba. Kwa Android na Windows kuna pia Quick Share, ambayo zamani iliitwa Nearby Share mpaka Google na Samsung walipounganisha zao Januari 2024.

Hifadhi ya mtandaoni itumie mwisho wa kazi. Chagua zile picha mia au mia mbili ulizozisafisha, ziweke kwenye folda moja, mpe bibi harusi linki ya kutazama na kupakua. Atazipata kwa ubora wake, tofauti na WhatsApp inayobana picha usipozituma kama faili. Video za shughuli weka kwenye diski mbili za nje, kila moja sehemu yake. Dakika moja ya video ya 1080p kwenye simu inaweza kula kati ya MB 60 na 130, sasa piga hesabu ya sherehe nzima.

Mwl wa Kilwa

Nina swali la usalama. Shuleni tunajaza matokeo kwenye jedwali moja, kila mwalimu na somo lake. Mwenzetu alitengeneza linki akaituma kwenye grupu. Linafunguka kwa kila mtu. Hii imekaa sawa?

Kibodi Nyeusi

Mwalimu, haijakaa sawa, na nashukuru umeuliza.

Linki ya "mtu yeyote mwenye linki" maana yake ni hiyohiyo. Ikitoka kwenye grupu la walimu ikaingia kwenye la wazazi, majina na alama za watoto vinaonekana. Ikiwa imeruhusu kuhariri, mtu anaweza kufuta safu nzima bila hata kujitambulisha. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya wana yao ya mwaka 2019. Taarifa za wanafunzi ni taarifa binafsi.

Mfanye hivi. Fungua sehemu ya kushiriki, badilisha liwe la watu walioongezwa tu, kisha ingiza barua pepe ya kila mwalimu. Wanaojaza wapeni ruhusa ya kuhariri, mkuu wa shule mpeni ya kutazama kama hahariri. Kwenye Majedwali ya Google unaweza pia kufunga safu, mwalimu wa Kemia asiweze kugusa ya Kiswahili. Na kuna historia ya matoleo: alama ikibadilika unaona nani kabadilisha na lini, unarudisha ya zamani. Mwalimu akihama kituo, mtoeni kwenye orodha siku hiyohiyo.

Niongeze la stationari, maana linafanana na hili na nalishuhudia kila siku. Mwanafunzi anafika kaunta, anachomeka flashi, ndani ya dakika folda zake zote zimegeuka kuwa vialama vya njia ya mkato, kwa sababu kompyuta ile imechomekwa flashi za mtaa mzima. Mwingine anaikwepa flashi, anaingia kwenye akaunti yake ya Google palepale kaunta, anachapisha kurasa zake, analipa, anaondoka. Anayefuata akifungua kivinjari anakuta barua zake, picha zake, cheti chake cha kuzaliwa. Nimewafungia watu akaunti zao zilizoachwa hivyo mara nyingi mno.

Kwenye kompyuta isiyo yako usiingie kwenye akaunti kabisa. Ukiwa kwenye simu, geuza kazi kuwa PDF, kwa sababu Word ya toleo jingine huwa inasukuma majedwali na kubadilisha kurasa. Tengeneza linki ya kutazama tu, mtumie mhudumu, achapishe mbele yako, kisha futa ruhusa ya linki ukiwa bado umesimama pale. Hakikisha na yeye amefuta faili aliloshusha. Ukibanwa ukalazimika kuingia, tumia dirisha la faragha na ulifunge kabla hujalipa.

Mzee wa Diski

Mimi sikubaliani na haya mambo. Kazi yangu naiweka kwenye diski yangu, iko kabatini kwangu. Kuweka nyaraka kwenye kompyuta ya mtu mwingine nchi nyingine ni kujitafutia shida. Mei 2024 mkongo wa baharini ulipokatika mlikuwa mnalia nyote humu.

Kibodi Nyeusi

Mzee wangu, shikamoo. Umegusa jambo la kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, Tanzania na Kenya zikaumia pamoja na nchi nyingine za ukanda huu, na aliyekuwa na mafaili yake mtandaoni peke yake alikaa anatazama duara likizunguka. Ndiyo maana nimesema pale juu folda ya kazi iwe na nakala kamili kwenye diski. Mtandao ukizima unaendelea kuandika, ukirudi kompyuta inapandisha yenyewe.

Lakini diski iliyo kabatini nayo ina adui zake. Inaanguka. Inaibwa pamoja na kompyuta kwenye begi moja. Nyumba ikipata moto au maji, vyote vimeondoka. Wenye kazi hizi wana kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Hiyo ya mbali ndiyo kazi ya hifadhi ya mtandaoni. Diski yako usiitupe, naiheshimu, ibaki kuwa nakala yako ya pili.

Kuhusu kampuni kuyaona mafaili yako, kuna dawa. Hati ya kiwanja, mikataba, vyeti vya hospitali, vifunge kwa 7-Zip, programu ya kubana mafaili, na nywila kabla ya kuvipandisha, ukichagua usimbaji (kufunga kwa siri) wa AES-256 na kuficha hata majina ya mafaili. Au tumia Cryptomator, inayofunga kila faili kwenye kifaa chako kabla halijatoka. MEGA wao wanafunga kwa mtindo huo tangu mwanzo. Ujue tu kwamba nywila ikipotea pamoja na ufunguo wa kurejesha, hakuna wa kumpigia simu. Iandike kwenye karatasi, iweke kabatini na diski yako.

Mzee wa Diski

Marahaba. Hilo la kufunga kwanza ndipo upandishe nimelielewa. Nitajaribu na hati mbili tatu nione.

Nyota ya Kusini

Nimeweka kama ulivyosema, bando limetulia. Ila leo nimekuta mafaili mawili, moja lina jina la kawaida na jingine limeongezwa jina la kompyuta yangu mwishoni. Virusi?

Kibodi Nyeusi

Si virusi. Uliandika kwenye kompyuta bila mtandao, kisha ukahariri faili lilelile kwenye simu kabla kompyuta haijapandisha. Programu ilipokuta matoleo mawili haikutaka kukuchagulia, ikakuachia yote. OneDrive huongeza jina la kompyuta, Dropbox huandika kuwa ni nakala inayogongana na kuweka tarehe.

Usifute lolote kwa haraka. Yafungue yote mawili, Word ina sehemu ya kulinganisha nyaraka kwenye kichupo cha mapitio, hamishia yaliyokosekana kwenye lile unalolibakiza, ndipo ufute jingine. Ili lisijirudie, kabla ya kufunika kompyuta tazama ile alama pale chini: ikiwa mishale bado inazunguka, subiri mpaka iwe tiki. Na ukifungua kifaa cha pili, kipe muda kishushe kabla hujaandika neno.

Kama ni kazi ya watu wengi kwa wakati mmoja, andikieni ndani ya Hati za Google moja kwa moja. Pale kila mtu anaona mwenzake anachoandika, mgongano wa namna hiyo haupo.

Mama Gidi

Samahani kwa kuingilia, nina dharura. Simu ya mdogo wangu, yenye akaunti yangu, ilijaa, akafuta folda ya Drive humo ili apate nafasi. Sasa kwenye kompyuta nayo imepotea! Kuna hesabu za kikoba chetu za mwaka mzima. Fundi nisaidie.

Kibodi Nyeusi

Pole sana mama, tulia kwanza, inawezekana kabisa zipo.

Vifaa vyenye akaunti moja vinafuatana kwa kuweka na kwa kufuta pia. Alichofuta kwenye simu kimefutwa kote. Lakini hakijaondoka moja kwa moja: kimeenda kwenye Tupio, na Google Drive hukitunza huko siku 30. OneDrive na Dropbox ya bure nao wanatunza siku 30.

Usitumie simu. Washa kompyuta, fungua kivinjari, ingia drive.google.com kwa akaunti ileile. Upande wa kushoto bofya Tupio. Tafuta jina la folda yenyewe, usihangaike na faili mojamoja. Bofya kulia, chagua kurejesha. Mwambie mdogo wako asiguse kitufe cha kumwaga Tupio hata simu ikilalamika nafasi. Alifuta lini?

Mama Gidi

Juzi jioni. Ngoja niwashe kompyuta.

Mama Gidi

Nimeiona!! Imerudi na mafaili yote ndani, hata ya Januari. Mungu akubariki sana.

Kibodi Nyeusi

Amina, nimefurahi kwa niaba ya kikoba kizima.

Usiku huuhuu fanya mambo haya. Bofya kulia ile folda, ishushe yote kwenye kompyuta, uinakili kwenye flashi ambayo haitumiki kwa kitu kingine, mpe mweka hazina mwenzako aitunze kwake. Kisha mpe mdogo wako ruhusa ya kutazama tu kwa akaunti yake mwenyewe, na akaunti yako uitoe kwenye simu yake. Akitaka nafasi kwenye simu, afungue Picha za Google atumie sehemu ya kuongeza nafasi, ambayo huondoa kwenye simu picha zilizokwisha kupanda. Asizifute mojamoja, maana hapo zitaondoka na mtandaoni.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, na uombe misimbo ya akiba. Utapewa kumi, kila mmoja una tarakimu nane. Iandike kwenye daftari la kikoba. Laini ikipotea au ikifungwa kwa kutotumika, hiyo ndiyo itakayokuingiza. Ukikwama hatua yoyote niandikie hapahapa, bado nipo.